Rilei ya Gari: Jinsi ya Kuipima Mwenyewe, Kuanzia Soketi Hadi Pointi

Kila mara napata swali lilelile kwa sura mbili. La kwanza: feni ya rejeta haizunguki, lakini rilei inalia "tak", kwa hiyo rilei ni nzima, ninunue feni? La pili: honi imekufa, rilei hailii, nimenunua mpya nayo hailii, je, nimeuziwa feki?

Wote wawili wamepima kitu kimoja tu, yaani mlio, na mlio ndio unaowapoteza. Rilei ni swichi inayobonyezwa na sumaku, na "tak" inakuambia tu kwamba sumaku hiyo ya ndani imevuta. Haikuambii kama umeme umevuka kwenda kwenye feni. Vilevile rilei ikikaa kimya, haina maana kwamba imekufa. Huenda hakuna umeme ulioifikia kuiamuru.

Nami niliingia kwenye mtego huo. Sindano ya joto ilikuwa inapanda kwenye foleni, rilei ya feni inalia vizuri kabisa, nikanunua feni nyingine iliyotumika. Haikuzunguka. Nilipoifungua ile rilei nikakuta pointi moja (kipande cha chuma kinachopitisha umeme) ina kishimo kidogo kama kichwa cha pini, kimezungukwa na masizi. Feni ya kwanza ilikuwa nzima muda wote.

Mwongozo huu ni wa rilei za kawaida za gari la volti 12, zile za boksi dogo zenye miguu minne au mitano. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka hatua ya soketi ukakimbilia rilei, utarudi mwanzo.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kufungua boneti

- Mita ya umeme ya kidijitali. Ya bei nafuu inatosha. Kwanza hakikisha betri ya mita yenyewe haijachoka, maana mita yenye betri dhaifu husoma uongo.
- Taa ya kupimia. Chukua soketi na balbu ya indiketa ya wati 21, iunge na waya mbili zenye klipu za kubana. Inavuta karibu ampea 1.75, na mvuto huo ndio tunaoutaka.
- Balbu moja ya taa ya mbele ya wati 55, hata iliyotumika, mradi inawaka.
- Waya wa kuunganishia wenye fyuzi katikati. Weka fyuzi ya ampea 15, na ncha bapa zinazoingia kwenye soketi bila kuitanua.
- Waya mbili nyembamba zenye klipu, moja kati yake iwe na fyuzi ndogo ya ampea 3 au 5. Hizi ni za kuamshia rilei nje ya gari.
- Plaizi, kitambaa, tochi na simu ya kupigia picha.

Vua pete na saa ya chuma. Chuma cha pete kikigusa moto (upande wa chanya wa umeme) na bodi kwa pamoja, kinapata joto la kukuchoma kabla hujavuta mkono. Na usiweke vidole karibu na mapanga ya feni. Kwenye baadhi ya magari feni huweza kujiwasha hata ufunguo ukiwa umetolewa.

## Mambo machache ya kuelewa kwanza

Rilei ni swichi inayobonyezwa na sumaku. Ndani kuna pande mbili zisizogusana.

Upande wa kwanza ni koili, waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Ukipitishwa umeme mdogo, chini ya robo ampea kwa rilei nyingi, unageuka sumaku.

Upande wa pili ni pointi, vipande viwili vya chuma vilivyopakwa mchanganyiko wenye fedha. Sumaku ikivuta, pointi zinagusana na kupitisha umeme mkubwa unaokwenda kwenye mzigo: feni, honi, taa, pampu ya mafuta.

Faida yake ni kwamba swichi ya kwenye dashibodi inabeba umeme mdogo tu, na umeme mkubwa unapita njia fupi, kutoka betri hadi kwenye mzigo.

### Namba za miguu

Tazama chini ya rilei, kando ya kila mguu. Kuna namba ndogo, pengine utahitaji tochi.

- 85 na 86: koili.
- 30: mahali umeme mkubwa unapoingia.
- 87: mahali umeme unapotokea rilei ikivuta.
- 87a: mguu wa tano, kama upo. Umeunganishwa na 30 wakati rilei *imelala*, na unaachana nayo rilei ikivuta.

Kwenye Toyota nyingi zinazokuja kutoka Japani utakuta namba nyingine: 1 na 2 ni koili, 3 na 5 ni pointi, na 4 ni ule wa wakati rilei imelala.

Huoni namba yoyote? Pima omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) kati ya miguu, miwili miwili. Jozi inayosoma kati ya omu 50 na 150 ndiyo koili. Kwenye rilei ya miguu minne, miwili iliyobaki ni pointi.

Mara nyingi kuna mchoro mdogo pembeni ya boksi. Ukiona alama ya pembetatu yenye mstari mbele yake karibu na koili, ndani mna daiodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, na hapo upande wa chanya na hasi ni lazima uzingatiwe. Ukiona kiboksi kidogo chembamba, hicho ni kikinzani, nacho hakijali upande. Vyote viwili vimewekwa kumeza mshtuko wa volti ambao koili huutoa inapokatiwa umeme. Bila kinga hiyo mshtuko unaweza kufika mamia ya volti na kuiumiza kompyuta ya gari.

## Hatua ya 1: Pima betri na fyuzi

Usiiguse rilei bado. Gari likiwa limezimwa, betri nzima husoma karibu volti 12.4 hadi 12.7. Ikiwa chini ya 12, ichaji kwanza. Betri dhaifu hufanya rilei zitetemeke "tatatata" bila kosa lolote la rilei.

Halafu pima fyuzi ya mzigo husika ikiwa mahali pake. Juu ya fyuzi kuna vitundu viwili vinavyoonyesha chuma. Washa mzigo, gusa kila kitundu kwa ncha nyekundu, nyeusi ikiwa kwenye hasi ya betri.

Ikiwa ni salama: vitundu vyote viwili vinasoma volti 12. Kikisoma kimoja tu, fyuzi imekata.

Badilisha kwa fyuzi ya ampea zilezile. Ikikata tena, kuna waya unaogusa bodi au mzigo umeganda, na hilo si la rilei. Kuweka fyuzi kubwa zaidi, au kuzungushia kipande cha waya, ni kuhamisha moto kutoka kwenye fyuzi kwenda kwenye nyaya zako.

## Hatua ya 2: Itafute rilei iliyo sahihi

Tazama mfuniko wa boksi la fyuzi. Gari likiwa la Japani, maandishi huenda yakawa ya Kijapani. Yapige picha kwa simu na kuyatafsiri kwa programu ya kamera, kisha hifadhi picha hiyo, utaihitaji tena.

Bado una shaka? Weka kidole juu ya rilei unayoidhania, mwombe mwenzako awashe na kuzima swichi. Utausikia mgongano kwenye ngozi hata pakiwa na kelele za barabarani.

Piga picha ya boksi zima kabla ya kuchomoa chochote. Nasisitiza hili kwa sababu rilei mbili zinazofanana nje zinaweza kuwa na miguu iliyopangwa tofauti. Kuna mpangilio ambao nafasi ya 30 na 86 zimebadilishana. Kuna pia rilei ya miguu mitano ambayo mguu wa kati si 87a bali ni 87 ya pili. Ukipachika hiyo mahali pa yenye 87a, au kinyume chake, utaunguza fyuzi au utawasha kitu kisichotakiwa kuwaka.

## Hatua ya 3: Ichomoe na uitazame

Toa ufunguo. Shika rilei kwa vidole, itikise kidogo kulia na kushoto, ivute wima. Ikikataa, tumia plaizi iliyofungwa kitambaa. Usiikongoe kwa bisibisi kutoka upande mmoja, utapinda miguu na kutanua soketi, na soketi iliyotanuka ni ugonjwa wa kudumu.

Sasa tazama kwa tochi, rilei na soketi yake.

- Plastiki ya kahawia au iliyoyeyuka kando ya mguu mmoja. Mguu huo ulikuwa hauja­kazana kwenye soketi, ukapata joto. Rilei mpya peke yake haitaponya, soketi nayo ibadilishwe.
- Unga wa kijani au mweupe. Maji yameingia. Magari ya Mombasa, Tanga na Dar hupata hili kwa hewa ya chumvi, na gari lolote lililowahi kupita kwenye mafuriko linaweza kuwa nalo. Safisha kwa dawa ya kusafishia umeme, acha ikauke.
- Miguu meupe inayong'aa, plastiki safi. Endelea mbele, lakini usiseme bado kwamba ni nzima.

## Hatua ya 4: Pima soketi

Hapa ndipo wengi wanaporuka, na hapa ndipo majibu mengi yalipo. Soketi itakuambia kama gari linatimiza wajibu wake kwa rilei. Geuza rilei juu chini, ilinganishe na soketi, tambua tundu lipi ni la mguu upi. Kumbuka ukigeuza, kulia kunakuwa kushoto. Andika namba kwenye karatasi kabla ya kupima.

Tumia ncha za mita kwa upole, ukigusa tu chuma cha ndani. Usisukume ncha nene ndani ya tundu jembamba.

### Swali la kwanza: je, 30 ina moto?

Ncha nyeusi kwenye hasi ya betri, nyekundu kwenye tundu la 30. Baadhi ya rilei zina moto muda wote, nyingine mpaka ufunguo uwe ON. Jaribu hali zote mbili.

Mita ikisoma 12, usishangilie bado. Mita haivuti umeme wowote wa maana, kwa hiyo hata waya uliobakiza uzi mmoja utaonyesha volti 12. Ondoa mita, weka taa yako ya wati 21 kati ya tundu la 30 na hasi ya betri.

Mafanikio: taa inawaka kwa nguvu zote, sawa na ukiiunga kwenye betri moja kwa moja. Ikiwaka kwa kufifia, waya unaoleta moto umeoza mahali au kiunganishi kimeshika kutu. Rilei haina hatia.

### Swali la pili: je, koili inapata amri?

Weka ncha moja ya mita kwenye tundu la 85 na nyingine kwenye 86. Ufunguo ON, mwenzako awashe swichi ya mzigo huo.

Mafanikio: mita inaruka kutoka 0 hadi karibu volti 12, na inarudi 0 swichi ikizimwa.

Ikibaki 0, upande mmoja wa amri haupo. Pima kila tundu peke yake ukilinganisha na hasi ya betri, swichi ikiwa imewashwa. Moja linapaswa kuwa na 12. Lingine likague upande wa ethi (njia ya umeme kurudi hasi ya betri): ncha nyekundu kwenye *chanya* ya betri, nyeusi kwenye tundu hilo. Ikisoma 12, ethi ipo.

Kwenye baadhi ya magari moto wa koili upo muda wote na swichi hukata upande wa ethi. Mengine ni kinyume. Si kosa, ni namna lilivyofungwa.

Yule msomaji wa honi aliyenunua rilei mpya alikuta hapa hapa kwamba ethi ya koili haipo. Kwenye gari lake ethi hiyo hupita kwenye kibonyezo cha usukani, na waya ulikuwa umekatika ndani ya safu ya usukani. Hata angenunua rilei kumi, zote zingekaa kimya.

Onyo kubwa: feni, pampu ya mafuta na rilei kuu ya injini kwenye magari mengi huamriwa na kompyuta. Kwenye matundu ya koili tumia mita tu. Usiweke taa ya wati 21, na kamwe usipeleke moto wa betri moja kwa moja kwenye tundu ambalo kompyuta hulitumia kutoa ethi. Utaunguza kompyuta kwa sekunde moja. Na usipime kabisa nyaya za mifuko ya hewa, ambazo viunganishi vyake kwa kawaida ni vya njano.

Jambo lingine linalochanganya: kwenye Toyota nyingi za petroli pampu ya mafuta haipewi amri ufunguo ukiwa ON tu. Husubiri stata izungushe injini. Kama unapima rilei ya pampu, mwenzako azungushe stata wakati mita ikiwa kwenye matundu ya koili.

### Swali la tatu: je, mzigo wenyewe unafanya kazi?

Sasa chukua waya wenye fyuzi ya ampea 15. Ufunguo ukiwa kwenye hali ile iliyotoa moto kwenye 30, unganisha tundu la 30 na 87. Hizo mbili tu. Ukikosea ukaunganisha 30 na 85 au 86, unaweza kupeleka moto wote kwenye kompyuta. Rudi kwenye karatasi yako, hakiki mara mbili.

Ikiwa ni rilei ya pampu ya mafuta, hakikisha hakuna harufu ya petroli wala uvujaji, usifanyie ndani ya karakana iliyofungwa, na usiache pampu iende zaidi ya sekunde chache.

Mafanikio: feni inazunguka kwa nguvu, honi inalia, pampu inanguruma kutoka chini ya kiti cha nyuma.

Isipofanya kazi, tatizo liko mbele ya rilei: waya wa kwenda kwenye mzigo, ethi ya mzigo, au mzigo wenyewe. Hapo ndipo maneno "nunua feni" yanaanza kuwa na maana, na hata hapo pima ethi ya feni kwanza.

Ukipata "ndiyo" kwa maswali yote matatu na mzigo bado haufanyi kazi rilei ikiwa mahali pake, basi rilei au mshiko wa miguu yake kwenye soketi ndio wenye kosa. Sasa twende mezani.

## Hatua ya 5: Pima koili

Mita kwenye omu. Gusanisha ncha zake kwanza usome: mita nyingi huonyesha 0.2 hadi 0.4. Hiyo ni nyaya za mita zenyewe, ikumbuke ili uitoe baadaye.

Gusa 85 na 86.

- Omu 50 hadi 150: koili ni nzima. Rilei nyingi za volti 12 husoma karibu 80 au 90.
- "OL", au "1" iliyobaki peke yake upande wa kushoto, yaani umeme haupiti: koili imekatika. Rilei imekufa, usipoteze muda zaidi.
- Omu chache sana, karibu sifuri: koili au daiodi imeshoti. Tupa.
- Omu 250 kwenda juu: huenda umepewa rilei ya volti 24, ya lori. Kwenye gari la volti 12 haitavuta, au itavuta kwa unyonge. Na ya volti 12 ukiiweka kwenye lori la volti 24 itaungua koili. Soma maandishi ya juu ya boksi kabla ya kulipa.

## Hatua ya 6: Iamshe nje ya gari

Kwanza pima 30 na 87 ikiwa imelala. Lazima isome "OL". Ikisoma karibu sifuri, pointi zimegandana kwa joto. Hii ndiyo rilei inayoacha feni au taa ikiwaka usiku kucha na kukuamsha asubuhi kwa betri iliyokufa. Ukigonga boksi zikaachana, usifurahi, zitagandana tena.

Kama ina 87a, pima 30 na 87a: karibu sifuri.

Sasa unga koili na betri kwa zile waya mbili nyembamba: 86 kwenye chanya, 85 kwenye hasi. Ukigeuza kwenye rilei yenye daiodi, daiodi itashoti na fyuzi yako ndogo itakata. Ndiyo maana tuliiweka. Kwenye rilei yenye namba 1 na 2, fuata mchoro wa pembeni.

Utasikia "tak". Ikiwa bado imeamshwa, pima 30 na 87 tena, ukitoa ile namba ya nyaya za mita.

Mafanikio: karibu sifuri. Rudia mara kumi, ukikata na kuunga. Kila mara namba iwe ileile. Ikisoma 0.1, kisha 3, kisha 0.2, kisha 15, pointi zimechakaa.

Wengi huishia hapa wakaipitisha. Mimi siishii hapa.

## Hatua ya 7: Ibebeshe mzigo

Mita inapopima omu hupitisha umeme mdogo mno. Pointi iliyoungua ambayo inagusana kwa nukta moja itaonekana nzima. Feni inapotaka ampea 10, nukta hiyo inashindwa.

Fanya hesabu. Pointi zikiwa na omu 0.5, namba ambayo mita ya bei nafuu haiwezi kuitofautisha vizuri na nyaya zake, ampea 10 zikipita pale zinapoteza volti 5. Feni inabaki na volti 7, na rilei inageuka jiko la wati 50.

Funga hivi:

1. Chanya ya betri kwenda mguu wa 30, kupitia waya wenye fyuzi ya ampea 15.
2. Mguu wa 87 kwenda kwenye balbu ya wati 55. Upande wa pili wa balbu uende hasi ya betri.
3. Ilaze balbu juu ya tofali au kigae. Inachemka haraka, usiishike kioo, usiiweke juu ya kitambaa wala plastiki.
4. Amsha koili kama hatua ya 6. Balbu iwake.
5. Mita kwenye volti. Ncha moja kwenye mguu wa 30 *wenyewe*, nyingine kwenye mguu wa 87 *wenyewe*, balbu ikiwa inawaka.

Unachokisoma sasa ni volti zinazopotea ndani ya rilei. Balbu inavuta karibu ampea 4.6.

Mafanikio: chini ya volti 0.1. Kati ya 0.1 na 0.2: inazeeka, haifai tena kwa feni wala pampu. Zaidi ya 0.2: badilisha.

Rilei yangu ya ile feni, iliyokuwa ikilia vizuri, ilisoma volti 3 na ushee kwenye kipimo hiki, na balbu ilikuwa ya rangi ya chungwa.

## Hatua ya 8: Ipashe joto

Malalamiko ya "asubuhi linawaka, saa nane mchana likitoka juani haliwaki" hayatapatikana kwa kipimo cha dakika moja. Rilei ikipata joto, chuma kinatanuka, na uungaji wa risasi ulio na ufa ndani unaachana. Ikipoa unarudi, na fundi akija anakuta gari linawaka.

Acha balbu iwake dakika 15, huku ukigonga boksi la rilei kidogokidogo kwa mpini wa bisibisi. Balbu isitikisike. Ikipepesa hata mara moja, rilei hiyo ndiyo inayokuacha njiani.

Boksi litakuwa vuguvugu, hiyo ni kawaida kwa sababu koili yenyewe inakula karibu wati 1.7. Lisiwe la moto kiasi cha kushindwa kulishika.

## Je, nisugue pointi kwa msasa?

Baadhi ya rilei hufunguka: sukuma kikofia kwa ncha ya kisu, utaona mkono mdogo wa chuma na pointi zake. Zikiwa nyeusi, msasa laini uliokunjwa utazifanya ziwake tena. Ukiwa njiani kati ya Chalinze na Segera usiku, fanya hivyo ufike nyumbani.

Usiiache hivyo. Msasa unaondoa ile ngozi ya fedha, na chini yake ni chuma kitakachoungua haraka zaidi. Kwenye pampu ya mafuta hilo linamaanisha injini kuzima ukiwa unapita lori.

## Kununua na kufunga mpya

Nenda dukani na rilei ya zamani mkononi, si picha peke yake. Linganisha volti, ampea, idadi ya miguu, *namba* ya kila mguu na mahali ulipo, na mchoro wa pembeni. Ampea za pointi zisiwe chini ya za zamani. Beba mita, pima koili papo hapo. Muuzaji mwaminifu hatakukataza, na ukipata "OL" umeokoa nauli ya kurudi.

Kubadilishana na rilei nyingine ya gari lako, mfano ya honi, ni jaribio zuri la dakika mbili ikiwa vyote hivyo vinalingana. Likishindwa, usihitimishe chochote mpaka ufanye hatua ya 4.

Rilei ya indiketa haipimwi kwa mwongozo huu. Ndani yake mna saketi ya kuhesabu muda. Indiketa zikipepesa haraka kuliko kawaida, tafuta kwanza balbu iliyoungua.

Kabla ya kupachika mpya, chukua mguu mmoja wa rilei ya zamani, uingize peke yake kwenye kila tundu la soketi na kuuvuta. Kila tundu lazima liung'ang'anie kidogo. Linaloteleza bila kushika lina chuma kilichotanuka, na hilo ndilo lililounguza rilei ya kwanza.

Pachika, washa mzigo, subiri dakika kumi, kisha gusa rilei mpya. Ikiwa vuguvugu, funika boksi. Ikiwa ya moto na soketi inashika vizuri, mzigo unavuta kupita kiasi: pima ampea za feni au pampu kabla hujaliondoa gari hapo.